Redio za polisi wa Marekani zinafungwa: kinachofichwa ni kipi hasa?

Mwezi Julai 2019 idara ya polisi ya Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado, ilifunga mawasiliano yake yote ya redio. Kabla ya hapo mtu yeyote mwenye kifaa cha kunasa mawimbi, au programu ya bure kwenye simu, aliweza kuwasikia askari wakitumwa kwenye ajali, wizi au ugomvi wa majirani. Baada ya hapo vifaa vilevile vilibaki kimya. Vyumba vya habari vya mji huo, ambavyo kwa miongo kadhaa viliiacha redio hiyo ikiwaka kutwa kucha, viliambiwa vingeweza kurudishiwa usikivu endapo vingetia saini mkataba. Katika mkataba huo jiji lilitaka lipewe haki ya kuvikagua vyombo vyenyewe. Vikakataa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda akashangazwa na jambo tofauti kabisa: kumbe redio za polisi ziliwahi kuwa wazi! Kwetu redio ya upepo ya askari ni chombo cha kazi cha Serikali na raia hana shughuli nayo. Nchini Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamhesabu anayenasa mawasiliano ya wengine bila idhini kuwa mhalifu. Lakini Marekani, nchi ambayo ndugu zetu wengi wameweka makazi, kusikiliza polisi ni desturi iliyokaribia kutimiza miaka mia moja. Ugomvi wa kuifunga unaendelea mji kwa mji, na hoja za pande zote mbili zimechanganyikana kiasi kwamba hata madiwani wanaopitisha bajeti hawajui vizuri wanalipia nini. Nataka kuzichambua, kwa sababu naamini swali moja limefichwa ndani ya jingine.

Redio ya polisi ilizaliwa ikiwa wazi. Tarehe 7 Aprili 1928 polisi wa Detroit walianza kutuma taarifa kwa magari ya doria kutoka Belle Isle, kisiwa kilicho katika mto Detroit. Kituo chao cha majaribio cha miaka iliyotangulia kilijulikana kwa herufi KOP, na leseni yake ilikuwa ya kituo cha burudani, hivyo kilitakiwa kupiga muziki katikati ya taarifa za magari yaliyoibwa. Askari garini alisikia tu, hakuwa na namna ya kujibu. Akitaka kuongea na kituo alisimama akatafute simu. Mwaka 1933 mji wa Bayonne, New Jersey, ndio uliotangulia kuwapa askari redio ya kusikia na kujibu. Taarifa hizo zilirushwa pembezoni mwa masafa ya AM, ambako redio nyingi za majumbani zilifika, na watu wakazoea kusikiliza. Mwaka 1938 mpiga picha wa New York, Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipata kibali cha kufunga redio ya masafa ya polisi ndani ya gari lake. Picha zake za usiku wa jiji hilo zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho.

Wengi hudhani zile namba ambazo askari husema redioni, kama 10-4, zilitungwa ili raia asielewe. Sivyo. Charles Hopper wa polisi ya jimbo la Illinois alianza kuzitunga mwaka 1937 kwa ajili ya kufupisha maneno, kwa kuwa chaneli zilikuwa chache na kila sekunde hewani ilikuwa na thamani. Aliyetaka kuzijua alizijua.

Sheria ilikuja baadaye kuyawekea mazoea hayo maandishi. Mwaka 1986 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya faragha ya mawasiliano ya kielektroniki. Inakataza kunasa mawasiliano ya watu, lakini inaruhusu kwa maneno ya wazi kusikiliza redio za polisi, zimamoto na huduma nyingine za usalama wa umma, mradi mawimbi hayo yako wazi kwa umma kwa urahisi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kila kitu ndani yake. Mawimbi yaliyosimbwa, yaani yaliyovurugwa kwa siri ili asiye na ufunguo asielewe, kwa tafsiri ya sheria hiyohiyo, hayahesabiwi kuwa wazi. Kwa hiyo sheria inamlinda msikilizaji asishtakiwe, ila haimlazimishi polisi kuacha mlango wazi. Siku polisi akifunga, haki ya kusikiliza inaondoka naye na hakuna sheria ya taifa iliyovunjwa. Baadhi ya majimbo, yakiwemo New York, Florida, Indiana na Kentucky, yana vizuizi vyake pia kuhusu kubeba vifaa hivi ndani ya gari, na kwingi kutumia skana, yaani kifaa hicho cha kunasa mawimbi, kusaidia uhalifu ni kosa linalojitegemea.

Sasa tuingie kwenye mkanganyiko wenyewe. Maofisa wa miji wanapoulizwa kwa nini raia hawasikii tena, jibu la kawaida ni kwamba "tumehamia mfumo wa kisasa wa dijitali". Jibu hilo linachanganya mambo matatu yasiyotegemeana.

La kwanza ni sauti kuwa ya dijitali. Zamani sauti ya askari ilipanda kwenye wimbi kama ilivyo. Siku hizi inageuzwa namba kwanza. Kiwango kinachotawala Marekani ni Project 25 (P25), kilichoanza kuandaliwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa chama cha wataalamu wa mawasiliano ya usalama wa umma, APCO. Kiwango hicho kimechapishwa, na skana za dijitali zinazokisoma ziko madukani tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Tena kuanzia 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba kipokezi kidogo cha televisheni cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kugeuzwa redio ya kupokea karibu masafa yote hayo. Bei yake haikufika dola 30. Dijitali peke yake haimzuii mtu.

La pili ni ugawanaji wa chaneli. Katika mfumo wa zamani kila kitengo kilikuwa na masafa yake, yakitumika au yasitumike. Katika mfumo mpya kompyuta inashikilia chaneli zote na kumpa kila anayebonyeza kitufe ile iliyo huru wakati huo, kama benki yenye foleni moja na madirisha mengi: hujui utahudumiwa dirisha gani mpaka zamu yako ifike. Skana ya kawaida ilipotezwa na mfumo huu mwanzoni, kwa sababu swali lilikuwa dirishani kwa karani wa kwanza na jibu likatoka kwa wa tano. Watengenezaji wakatoa skana zinazofuata maelekezo ya kompyuta hiyo, kwa kuwa maelekezo yenyewe yanarushwa wazi. Huu nao hauzuii.

La tatu ndilo usimbaji fiche, na hili ni uamuzi wa makusudi. Mji unaweza kuwa na mfumo wa dijitali, wenye kugawana chaneli, wa mwaka huu, na ukaacha kila neno lisikike. Miji mingi ilikaa hivyo kwa miaka. Kwa hiyo ofisa anaposema teknolojia ndiyo iliyofunga, ajue kuna mtu aliyechagua kuwasha kufuli.

Kufuli lenyewe linafanyaje kazi? Askari akibonyeza kitufe na kuongea, redio yake inaikata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde. Kila kipande kinabanwa na kuwa biti 88 za sauti, yaani tarakimu 88 za sifuri au moja, na baadaye huongezewa nyingine za kurekebisha makosa ya njiani. Redio iliyowashwa usimbaji ina ufunguo ndani yake, namba ya siri ambayo katika kanuni ya AES-256 ina urefu wa biti 256. Kutokana na ufunguo huo redio inazalisha mfululizo wa biti zisizotabirika na kuzichanganya moja moja na biti za sauti. Redio ya mwenzake, yenye ufunguo uleule, inazalisha mfululizo uleule na kuuondoa, na sauti inarudi. Asiye na ufunguo anapata namba zisizo na maana, na hakuna kompyuta duniani iliyo karibu kujaribu funguo zote zinazowezekana.

Ufunguo huingizwa kwenye redio kwa kifaa maalumu cha kuunganisha kwa waya, au hutumwa hewani ukiwa wenyewe umesimbwa. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipo. Idara yenye redio elfu kadhaa lazima ijue kila moja iko wapi, ipi imeibwa, ipi ina ufunguo wa zamani. Kwa miaka mingi usimbaji wa AES uliuzwa kama nyongeza ya kulipiwa kwa kila redio, ndiyo maana idara ziliutumia kwa vikosi vichache tu. Mauzo ya mifumo mizima kwa mkupuo yalipozoeleka, kufunga kila kitu kukawa rahisi kuliko kuchagua cha kufunga.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba usimbaji unaficha maneno na kuacha mengine mengi wazi. Namba ya utambulisho ya redio, kundi inalozungumza nalo, na ukweli kwamba kuna mtu anarusha mawimbi karibu yako, vyote vinaweza kuonekana kwa mwenye ujuzi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiwemo Matt Blaze na Sandy Clark, walichapisha matokeo ya kusikiliza redio za P25 za maofisa wa serikali kuu ya Marekani katika miji kadhaa. Hawakuvunja AES. Hawakuhitaji. Walikuta mazungumzo nyeti mengi sana yakirushwa wazi na maofisa walioamini wamefunga, kwa sababu swichi ya usimbaji haikuonyesha vizuri hali yake, au mmoja wa kikosi alikuwa na ufunguo uliopitwa na wakati na wenzake wakalazimika kufungua ili asikie. Walionyesha pia kwamba redio inaweza kuchokozwa kwa ujumbe mbovu ikajibu na hivyo kufichua ilipo, hata kama mwenye nayo hajabonyeza kitufe. Na kichezeo cha watoto cha kutumiana ujumbe, kikiandikiwa programu nyingine, kiliweza kuvuruga mawasiliano hayo. Nasisitiza utafiti huu kwa sababu mkuu wa polisi akisimama mbele ya baraza la jiji kusema usimbaji utawafanya askari wasionekane, anaahidi kitu ambacho kifaa hakitoi.

Ulaya ilikwenda njia nyingine: mfumo wa TETRA, unaotumika katika nchi zaidi ya 100, ulikuwa na kanuni zake za usimbaji zilizowekwa siri. Mwaka 2023 kampuni ya Kiholanzi ya Midnight Blue ilionyesha kwamba mojawapo, TEA1, ilikuwa na ufunguo wa biti 80 ambao ndani kwa ndani unapunguzwa hadi 32, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida inaweza kukimaliza. Wanunuzi wengi hawakuwa na habari.

Polisi wana sababu, na baadhi yake ni za kweli. Ninazipa uzito tofauti.

Iliyo maarufu zaidi ni kwamba wahalifu wanasikiliza. Polisi wa Washington, D.C., walifunga redio zao mwaka 2011 na mkuu wao wa wakati ule, Cathy Lanier, alieleza kwamba wezi walikuwa wakitumia programu za simu kujua askari wako wapi. Siwezi kusema hilo halitokei. Lakini vikosi vya kuvamia nyumba, vya kufuatilia watuhumiwa na vya dawa za kulevya vilishakuwa na chaneli zao zilizofungwa katika idara nyingi tangu zamani, na sijaona mwanahabari wa maana anayedai zifunguliwe. Kilichobadilika katika miaka hii ni kufungwa kwa chaneli ya kawaida ya kutuma askari: ile inayosema kuna moto mtaa fulani, kuna mtu amepigwa risasi sokoni, tumeni gari la wagonjwa.

Sababu ya pili ina nguvu zaidi, na ni faragha. Askari akimsimamisha dereva huita kituo na kusoma jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni, na kituo hujibu kwa kutaja historia yake ya kesi. Wakati mwingine anatajwa mtoto aliyedhulumiwa, au mtu mwenye ugonjwa wa akili na anwani yake. Hayo yote yalikwenda hewani kwa miaka mingi, na mtu anayeishi kwa wizi wa utambulisho hakuhitaji zaidi ya kalamu. Oktoba 2020 wizara ya sheria ya California ilizitumia idara zote za polisi za jimbo waraka ulioziagiza kulinda taarifa za namna hiyo. Waraka ulitoa njia mbili: zifunge redio, au ziweke utaratibu wa kuzuia taarifa binafsi zisisomwe kwenye chaneli iliyo wazi. Idara nyingi zilichukua ya kwanza na kuwaambia wananchi kwamba jimbo limewalazimisha. Ile njia ya pili haikutajwa sana mikutanoni.

Sababu ya tatu ni uvurugaji. Wakati wa maandamano ya 2020 kule Chicago kuna watu waliingia kwenye chaneli ya polisi na kupiga muziki juu ya sauti za askari. Hatari hiyo ni ya kweli kabisa. Askari anayeomba msaada asiposikika anaweza kufa. Ila tatizo lilikuwa mfumo kukubali redio yoyote iliyofika kwenye masafa yale. Mifumo ya dijitali inaweza kuthibitisha utambulisho wa redio inayorusha bila kuficha kinachosemwa. Kujua nani anaongea na kuzuia nani asikie ni kazi mbili, na mtu anaweza kununua moja bila nyingine. Aliyeamua kuzima mawimbi kwa kelele, naye, hazuiwi na AES.

Kuna madhara ya uwazi pia, na asiyeyataja hatendi haki. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Aprili 2013 polisi walikuwa wakiwasaka ndugu wawili waliolipua mabomu katika mbio za marathoni za Boston, na maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakisikiliza redio yao mtandaoni. Walioisikiliza waliandika kila walichosikia na kila walichodhani wamesikia. Polisi wa Boston waliomba hadharani watu wasitangaze nyumba zinazopekuliwa. Askari mmoja alilitaja jina la ukoo la mtu herufi kwa herufi, akasema "M kama Mike", na kabla ya dakika nyingi mtandaoni kulikuwa na mtuhumiwa wa kubuni ambaye jina lake la kwanza ni Mike. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown aliyekuwa ametoweka mwezi mmoja nyuma alitajwa kuwa mlipuaji, na waliomtaja walidai jina lake limetoka redioni. Familia yake, iliyokuwa bado inamtafuta, ilishambuliwa kwa matusi. Alikutwa amefariki siku chache baadaye, na hakuhusika hata kidogo.

Nimekaa na kisa hicho kwa sababu hutajwa kila mara kama ushahidi wa kufunga. Ila kina mwendelezo. Waandishi waliporudia rekodi za redio ya usiku ule, hawakukuta jina la kijana huyo likitajwa. Uvumi ulisema "redio imesema", na redio ikawa ndiyo iliyousuta, kwa sababu rekodi ilikuwa mikononi mwa umma. Mfumo ukiwa umefungwa, maneno "nimesikia kutoka kwa askari" hayana wa kuyapinga ila askari mwenyewe.

Na faida ya kusikiliza inaonekana zaidi pale ambapo hakuna mhalifu. Mwaka 2021 kaskazini mwa California kulianzishwa programu ya simu isiyo ya kibiashara iitwayo Watch Duty. Nyuma yake wako watu, wakiwemo wazimamoto na wapokeaji simu za dharura waliostaafu, ambao husikiliza redio za zimamoto na kuandika moto uko wapi na unaelekea wapi. Januari 2025 moto wa Palisades na wa Eaton ulipoteketeza vitongoji vya Los Angeles, wakazi waliitegemea programu hiyo kujua kama wahame. Iliwezekana kwa sababu redio za zimamoto ziko wazi. Mji unaponunua mfumo mmoja kwa ajili ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, na kuwasha usimbaji kwa wote kwa pamoja, unafunga na hii.

Wapo walioona haya na kutafuta njia ya kati. Chicago, ambayo ilimaliza kufunga chaneli zake za polisi mwishoni mwa 2022, iliamua kurusha mazungumzo mtandaoni yakiwa yamecheleweshwa dakika 30. Baltimore ilifunga mwaka 2023 na kuchelewesha dakika 15. Kwa anayetaka kumbukumbu, ucheleweshaji unafaa: unaweza kupima taarifa ya msemaji wa polisi kwa kuilinganisha na kilichosemwa. Kwa mzazi mwenye mtoto katika shule iliyo mtaa wenye milio ya risasi, dakika 30 ni sawa na gazeti la kesho. Halafu anayeshikilia rekodi kwa nusu saa ana nafasi ya kuamua kipi kitoke.

Njia nyingine ni kuwapa vyombo vya habari redio zenye ufunguo. Colorado, baada ya yaliyotokea Denver, ilipitisha sheria mwaka 2021 inayozitaka idara zinazofunga redio ziwe na utaratibu wa kuwapa wanahabari usikivu. Ni hatua, na kwa gazeti kubwa inatosha. Lakini lazima mtu aamue nani ni mwanahabari. Stesheni ya televisheni yenye wanasheria wake itapata. Je, kijana anayerusha habari za mtaa kwa Kiswahili au Kisomali kutoka sebuleni kwake, akiwahudumia wahamiaji wasiosoma magazeti ya Kiingereza? Na polisi anayetoa ufunguo anaweza kuuondoa kwa mbali, akiwa ofisini, siku ambayo habari haikumpendeza. Mwandishi anayejua hilo ataandika akilijua.

Kuna hoja nyingine inayowahusu askari wenyewe, nayo naona imepewa nafasi ndogo mno. Tarehe 11 Septemba 2001 helikopta za polisi wa New York zilionya kwamba jengo lililobaki la World Trade Center lilikuwa karibu kuanguka. Onyo hilo lilipita kwenye redio za polisi. Wakuu wa zimamoto waliokuwa chini hawakulipata, kwa kuwa idara hizo mbili zilikuwa kwenye mifumo tofauti. Wazimamoto 343 walikufa siku ile. Baada ya hapo Marekani ilitumia fedha nyingi kuhakikisha idara jirani zinaweza kusikilizana. Usimbaji unaleta ukuta mwingine palepale: redio mbili zenye masafa yaleyale, kiwango kilekile, hazisikilizani kama funguo ni tofauti. Inawezekana kugawana funguo, ila kila idara inayopewa inaongeza mikono inayoushika ufunguo, na funguo zikiwa kwenye mikono mingi hutokea lile walilolikuta watafiti wa Pennsylvania: mmoja ana ufunguo wa zamani na wenzake wanalazimika kufungua. Zimamoto wa kujitolea wa mji mdogo, ambaye zamani alinunua skana kwa fedha yake ili ajue polisi wanakutana na nini barabarani kabla hajafika, leo yuko gizani kama raia mwingine yeyote.

New York nayo ilianza kufunga Julai 2023, kwa kuanzia na vituo vya kaskazini mwa Brooklyn, katika mradi wa takriban dola milioni 390. Ni fedha za umma, na sehemu kubwa yake ni kwa mitambo ambayo jiji lingeihitaji hata kama kila neno lingebaki wazi. Ndiyo maana mjumbe wa baraza anapoletewa bajeti ya namna hii anapaswa kuuliza chaneli zipi zinafungwa na kwa nini kila moja, funguo zitashikwa na nani, majirani watazipataje, na rekodi zitahifadhiwa muda gani kabla ya kufutwa. Swali la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Haki ya kuomba rekodi kwa barua haina maana kama jibu linakuja baada ya rekodi kufutwa.

Palo Alto, mji wa California ulio jirani na Chuo Kikuu cha Stanford, umepita pande zote mbili. Uliposoma waraka wa 2020 ulifunga redio zake Januari 2021, bila kikao cha wananchi. Malalamiko hayakuisha. Mwaka 2022 mkuu mpya wa polisi, Andrew Binder, alizifungua tena. Askari wake hawakuacha kulinda faragha: taarifa za dereva walizisoma kwenye kompyuta ya gari, au walipiga simu kituoni, na chaneli ya kawaida ikabaki kwa kutumana kazi. Ilikuwa ile njia ya pili iliyokuwemo kwenye waraka tangu mwanzo. Mwaka huohuo seneta wa jimbo Josh Becker alipeleka mswada wa kuzitaka idara zote za California zitafute njia kama hiyo. Ulipita Seneti, ukakwama katika bunge la chini. Hivyo uwazi wa Palo Alto haukuwekwa na sheria yoyote. Uliwekwa na agizo la mkuu wa polisi, na mkuu mwingine angeweza kuufunga kwa agizo jingine.